Barua ya Sofia na Kiingereza Changu

Niliondoka Masasi kwa sababu mama alikuwa ameacha hata uji, na kila alipofumbua macho aliuliza jambo moja tu: Sofia yuko wapi? Sofia ni mdogo wangu, aliyeolewa Dar es Salaam. Mwaka wa nne ulikuwa unakwisha bila barua yake. Ya mwisho ilikuja baada ya mimi kumwita aje kumwona mama, akanijibu kwa Kiingereza kwamba hawezi kuiacha nyumba ile. Kiingereza ndilo somo ninalofundisha, na mimi ndiye niliyemwagiza aniandikie kwa lugha hiyo asije akaisahau. Jibu lake lilinikera. Niliona mji umemvimbisha kichwa, nikamrudishia barua yake, nikaacha kumwandikia. Sasa mganga wa zahanati alinivuta pembeni akaniambia kwamba kama kuna mtu wa kuitwa, aitwe upesi.

Mtwara nilifika siku ya pili. Rufiji ilikuwa imefurika na barabara haipitiki, kwa hiyo nikakata tiketi ya meli. Siku hizo Mreno bado alikuwa ng'ambo ya Ruvuma, na kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Mgambo wa bandarini alipekua mfuko wangu mpaka soksi. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe njia nzima sikumwamini abiria wa jirani, aliyekuwa amekumbatia redio iliyofungwa kwa kitambaa. Nilimwuliza inapata stesheni gani. Akasema haipati hata moja, imekufa, anaipeleka kwa fundi. Sikumwamini vilevile.

Jumanne asubuhi nilikuwa Temeke, kwenye nyumba ya shemeji. Mlango ulikuwa na kufuli. Mama mmoja wa nyumba ya pili alikuwa kibarazani akichagua mchele.

"Sofia? Hayupo hapa siku nyingi."

"Kahamia wapi?"

"Kwani wewe nani wake?"

"Kaka yake."

Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Kaka gani asiyejua mdogo wake anakaa wapi?" Akarudi kwenye mchele wake. Nilipokuwa nimekwisha kata tamaa ndipo akasema, bila kuinua uso, "Kaulize Kipawa, kwa mjumbe."

Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba kuna jambo nafichwa. Nilimshuku yule mama, nikamshuku shemeji, nikashuku hata kufuli.

Saa nane mchana nilifika Kipawa, ndege zikipita juu ya mashamba ya mihogo. Mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Kibwana, alikuwa uani akijaza upepo baiskeli yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Masasi."

"Masasi? Kule mpakani?" Akaacha pampu.

Nilitaka ajue anazungumza na mtu aliyesoma. Nikamwambia ninamtafuta Sofia, na kwamba safari yangu ni ya "urgent". Nililitamka kama ninavyolitamka siku zote: ajenti.

"Ajenti wa nani?"

"Ni ajenti sana, mzee."

"Nimekuuliza, wa nani?"

"Wa mama yangu. Mgonjwa."

"Mama yako mgonjwa ana ajenti?"

Akawaita wanaume wawili waliokuwa wakicheza bao, wakanikalisha kwenye benchi, mmoja kila upande. Mfuko wangu ukafunguliwa mara ya pili katika safari moja. Nikaanza kuhesabu saa, maana meli ya kurudi ilikuwa inaondoka kesho yake asubuhi, na iliyofuata ilikuwa ya wiki ijayo. Mama hakuwa na wiki ya kusubiri. Nikajitahidi kueleza kwamba "urgent" ni jambo la haraka, na "agent" ni wakala, maneno mawili mbalimbali kabisa.

"Hebu yatamke tena," akasema Mzee Kibwana.

Nikayatamka, moja baada ya jingine. Wale wacheza bao wakaangua kicheko.

"Mbona ni hilo hilo moja?" akauliza mmoja wao.

Mzee Kibwana hakucheka. "Mume wake keshatuma watu mara mbili waje kumchukua. Wote walisema ni ndugu zake. Mie nyie siwaamini." Akamtuma mmoja akamwite Sofia aje anitambue.

Alikuja amechomeka sindano kwenye ukosi wa gauni. Alikuwa amekonda. "Ndiye," alimwambia mzee. "Kaka yangu. Shikamoo, kaka." Aliisema huku anaangalia ua.

Nikampa habari za mama. Alizisikiliza zote, akaingia ndani, nikadhani anafunga mizigo. Akatoka na karatasi. Ilikuwa ile barua yake, niliyomrudishia baada ya kuisahihisha kwa wino mwekundu. Alikuwa ameandika: "I can not leave in this house. My husband is hard." Mimi nilikuwa nimekata "in", kwa kuwa haikuwa na kazi pale. Mbele ya "hard" nilikuwa nimeongeza "working", mume wake awe mchapakazi. Na chini kabisa: Basi kaa hapo hapo.

"Sasa isome kama nilivyoandika mie," akasema.

Nikaisoma. "Leave" ni kuondoka. "Live" ni kuishi. Ile "in" niliyoikata ilikuwa mahali pake. Neno lililokosewa ni la nyuma yake. Siwezi kuishi katika nyumba hii. Mume wangu ni katili. Na aliyemfundisha maneno hayo mawili, darasa la tano, ni mimi, nikisimama mbele ya ubao na kuyatamka yote "livu".

"Nilikuwa naomba unifuate," alisema Sofia. "Nikamaliza mwezi mzima nasikiliza mlango."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwomba radhi mbele ya wale wacheza bao.

"Nitakwenda kwa mama," akasema. "Wewe utanionyesha njia tu, maana nasikia mmehamishiwa kijiji kipya."

Jumatano asubuhi Mzee Kibwana alitusindikiza mwenyewe hadi bandarini. Aliniuliza jina la kijiji chetu cha ujamaa, akaliandika. "Mwezi ukiisha sijapata habari zake," akaniambia, "nakuja." Yeye alikuwa jirani tu. Maneno yale yalinichoma kuliko benchi.

Melini Sofia alikaa mbali nami. Tulipofika Lindi nilikuwa nimekwisha wahesabu wote niliowashuku: mwenye redio, mama wa mchele, mjumbe, shemeji, Sofia mwenyewe kwa miaka minne. Kiingereza changu sikuwahi kukishuku hata siku moja. Hilo ndilo nililojifunza katika safari ile.

Jumamosi tuliingia Masasi. Mama alikuwa macho. Alimshika Sofia mkono, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko.

"Mbona hukuandika, mwanangu?"

Sofia alinitazama.

"Niliandika, mama. Barua zilipotea njiani."

"Nilijua tu," alisema mama. "Hawa matarishi wa posta wa siku hizi si watu wa kuwaamini."

Aliishi siku tisa zaidi, na kila aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa ubaya wa matarishi. Nami nilikuwa nimekaa pale pale, miguuni pake. Sikumsahihisha.