Shababi Aliyepakwa Mafuta ya Nazi

Shangazi yangu Mwanaheri alizaliwa kisiwani Songo Mnara, akaolewa Kikole, na mpaka anaanza kufuga ng'ombe mnyama aliyemjua vizuri alikuwa samaki. Kwa samaki sheria ni fupi: anayeng'aa ni wa leo, aliyefifia ni wa juzi, na muuzaji akianza kuapa, ondoka.

Sheria hiyo ndiyo aliyokwenda nayo mnadani.

Alikuwa anamuuza Shababi, dume lake la mbegu, mwekundu, nundu imelalia upande kama kofia ya mtu anayejiona. Hakumuuza kwa njaa. Mabinti zake Shababi walikuwa wamekua, na dume hajui nasaba. Angebaki angewapanda wanawe mwenyewe, zizi likaharibika. Kuondoka ilikuwa lazima. Shangazi aliomba jambo moja tu: aende kwa mfugaji akaendelee kuzaa, asiishie kwenye ndoano ya bucha. Alikuwa amemlea kwa chupa tangu akiwa ndama aliyefiwa na mama, na mtu uliyemnywesha kwa chupa huwezi kumla. Nimesema mtu? Basi, ndivyo alivyokuwa pale nyumbani.

Asubuhi ya mnada akamwogesha, akampaka mafuta ya nazi kuanzia pembe mpaka kwato, akamfukiza udi.

"Tunampeleka mnadani au tunamwoza?" aliuliza mumewe, mzee Fakihi.

"Nyamaza. Wewe siku yako ulikuja na vumbi miguuni, nikakuvumilia."

Mnadani wafugaji walimzunguka Shababi. Wakamfungua mdomo, wakatazama meno: kijana bado. Wakampapasa kende, shangazi akageuza uso kwa heshima, wakaridhika. Wakamtembeza waone miguu ya nyuma, maana dume asiye na miguu ya nyuma ni pambo la zizi. Vyote vizuri. Kisha mmoja akapitisha kidole mgongoni, akakinusa, akawanong'oneza wenzake. Wakatawanyika kama walioona nyuki.

"Wamekimbia nini?"

Aliyejibu ni Iddi mwenye bucha, akicheka mpaka mashavu yanamuuma. "Bi Mwanaheri, kwa wafugaji hawa, ng'ombe wa kupakwa mafuta ana ukurutu unaofichwa. Lakini mimi ngozi siuzi. Nipe kwa bei ya nyama. Korosho zimelipwa, kila nyumba ina harusi, nyama haitoshi."

Shangazi akaketi pale pale vumbini, na kanga yake mpya. "Nimempamba nikamuua," alisema.

Mmoja wa wafugaji, Erasmo, kijana mrefu wa maneno machache, alikuwa hajaenda mbali. Akarudi.

"Shikamoo, mama. Unamuuzia nini? Hapandi?"

"Hapandi!" Shangazi akainuka. "Anapanda mpaka naona haya mbele ya majirani! Zizi zima lina sura yake. Ana mabinti wakubwa, ndiyo maana anaondoka."

"Hilo ndilo ungeanza nalo, mama. Dume huuzwa kwa sifa ya watoto wake. Hebu mwoshe nimwone."

Mzee Fakihi akaleta maji na sabuni ya unga. Shangazi akamsugua Shababi mbele ya mnada mzima, akimsemesha kama anavyomsemesha mjukuu mwenye homa. Dume lile zima likafumba macho, likaweka kidevu begani kwake. Povu lilipoondoka ngozi ilikuwa safi, lakini Erasmo alikuwa haangalii ngozi tena.

"Humfungi kamba?"

"Nimfunge kwa kosa gani?"

"Kwangu wanaochunga ni watoto," Erasmo akasema taratibu. "Dume niliyekuwa naye alinivunjia binti mkono." Akataja bei yake: milioni moja na laki tatu.

"Na nusu!" Iddi akadakia. "Milioni na nusu, taslimu!"

Erasmo akatikisa kichwa. Alikuwa amefika mwisho wake.

Milioni na laki tatu zilikwisha kupangiwa kazi; laki mbili za juu ni bati za kutosha jiko, na jiko la shangazi mvua huingia bila hodi. Akamtazama mumewe. Mzee Fakihi akajikuna kidevu.

"Usinitazame mimi. Mimi mwenyewe ulinichukua kwa hasara, na mpaka leo hujanirudisha."

Shangazi akacheka huku machozi yanamtoka, akamkabidhi Erasmo dume lake. "Hapendi kupigwa. Akigoma, mkune nyuma ya sikio, la kushoto. Na akichelewa kunywa maji usidhani anaumwa, ni maringo tu."

"Nimesikia, mama."

Erasmo alikuwa amenunua mitamba watatu, majike wachanga ambao hawajazaa. Shababi akainua pua, akawaona, akaenda zake katikati yao bila kugeuka nyuma.

"Hata kwaheri?" Shangazi akamwita. "Wee Shababi!"

"Mwache," mzee Fakihi akasema, akimfuta vumbi kwenye kanga. "Ana wake wa kuwazoea."

Shangazi alisimama pale mpaka kundi lilipopotea nyuma ya mikorosho. Kisha akajifuta uso. "Haya, mume wangu. Twende dukani tukachague ndoo kubwa. Jiko tutalikinga mvua hivyo hivyo."