Boti Nyuma ya Enos

Laban Oluoch alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona picha nzito, hatulii mpaka aipunguze. Chumbani kwake Kondele aliendesha tovuti ya wavuvi wa bichi moja nje ya Kisumu. Wavuvi walipiga picha za samaki wakiwa bado ziwani, wakamtumia, na wateja wa Milimani wakaagiza kabla boti haijagusa nchi kavu. Mteja wa Milimani hangoji ukurasa unaojikokota. Basi Laban aligeuza kila picha kuwa WebP, aina ya faili ya picha isiyo nzito, akaikamua ikawa nyepesi kama ganda la njugu, na programu yake ikaifuta ile ya asili papo hapo. Wavuvi nao walizifuta simuni mwao, maana yeye mwenyewe aliwaambia, "Futeni tu, ziko salama kwangu."

Kisha mvuvi mmoja, Enos, hakurudi.

Picha yake ya mwisho ilimwonyesha akiinua samaki mkubwa, mbuta, anacheka. Nyuma yake boti nyingine ilikuwa inamjia, tena karibu mno. Mkewe, Debra, alimjia Laban akiwa na macho makavu ya mtu aliyekwisha kulia.

"Laban, hiyo boti iko na namba ubavuni. Fanya ikuwe kubwa tuone ya nani."

Akaikuza. Boti ilikuwa ya buluu, hilo halikufichika, lakini penye namba palibaki viraka vya ukungu. Akakuza tena, viraka navyo vikakua.

"Sasa rudisha ile ya kwanza."

"Haiko, Mama. Niliipunguza." Aliona aibu, akaogopa, asijue kipi kilitangulia.

Jioni aliingia Griffins, mwenyekiti wa bichi na kiongozi wa msako wa kumtafuta mvuvi aliyepotea. Hakubisha hodi, wala hakumtaja Enos.

"Hiyo namba haionekani kabisa?"

"Haionekani, Mwenyekiti."

"Hata kwa wataalamu wa Nairobi?"

"Maji yakimwagika hayazoleki."

Griffins akashusha pumzi, akampiga begani. "Umefanya kazi poa sana." Mkono ule ulinuka rangi mbichi.

Laban hakupata usingizi. Asubuhi alishuka bichi, akaikuta boti ya Griffins, ya buluu tangu iundwe, imekuwa nyeupe. Watu waliitazama, wakatazama chini. Angesema nini, na kwa ushahidi gani?

Kwa Waluo, mtu akimezwa na ziwa asionekane, tunda la yago huzikwa badala ya mwili wake. Lakini yago halichumwi mpaka wazee wakate tamaa, na asubuhi ile boti za msako zilikuwa bado majini. Griffins aliinama kwenye boti yake nyeupe, akatoa gunia, akafunua yago lililokwisha kuchumwa. Akalibeba kwa mikono miwili hadi kwa Debra.

"Pole, Mama. Tumzike."

Debra hakulipokea. Alimgeukia Laban. "Kweli hauna kitu kingine?"

Laban alikuwa na picha ya boti ya buluu na ukungu penye namba, basi. Griffins naye alikuwa akimtazama, akingoja jibu.

"Sina," akasema.