Fimbo ya Neema imevunjwa leo

Wamemvunjia mwanangu fimbo mbele ya darasa zima! Hamjambo lakini, jamani wa kundi hili.

Mnamjua Neema wangu, niliyemsomesha kwa kuuza nyanya na maharage sokoni Kikwe mpaka akawa mwalimu. Sasa ndiye mwalimu wa nidhamu, tena kabinti kadogo vile!

Leo nikampelekea chakula shuleni. Kufika dirisha la kidato cha tatu, naona mwanafunzi, jitu refu kama mgomba, limemsimamia Neema, limeshika fimbo ya mwanangu.

"Mwalimu, leo hunichapi!"

Kwaa! Likaivunja gotini.

Mimi nikaweka hotpoti ya chakula chini, nichungulie vizuri.

Neema akaokota vipande, akavitupa kwenye ndoo ya taka.

"Haya, Elia, fimbo imeisha. Kaa tumalize hesabu."

Na likakaa! Nani mwingine amezaa mtoto kama huyu?

Lakini alipotoka nje kunipokea, mikono yake ilikuwa ya baridi kama maji ya mlimani.

"Mama, kesho Elia na wenzake wakinivizia njiani je?"

Mimi na mdomo wangu wote huu, nikaishika tu ile mikono.

Wenzangu, mngemjibu nini?

Neema ameita kikao cha wazazi wa kidato cha tatu. Mama Elia, nakuona uko hewani hapa kundini, usiseme hukusoma. Sitakuja kugombana. Njoo ukae na mimi benchi moja, watoto watuone. Wote tukutane shuleni, Ijumaa saa mbili asubuhi.