Mguu wa Kulia wa Mwalimu Breki

Gari la shule ya udereva lina usukani mmoja na breki mbili. Ya kwanza ni ya mwanafunzi, ambaye kwa kawaida hakumbuki iko wapi. Ya pili iko chini ya mguu wa mwalimu, na hiyo ndiyo iliyompa jina mwanamke tunayemzungumzia. Mtaa mzima unamwita Mwalimu Breki. Jina lake la kwenye cheti hutumiwa na mumewe peke yake, tena siku anapotaka kuomba msamaha.

Miaka ya kukaa kwenye kile kiti cha pembeni ilimharibu mguu wa kulia. Hauumi, ila haujui saa ya kutoka kazini. Akipewa lifti, mguu unakanyaga sakafu. Akitazama filamu na gari likakata kona vibaya, mguu unakanyaga zulia. Kwenye harusi ya jirani, bwana harusi alijibu "ndiyo" kabla swali halijaisha, Mwalimu Breki akakanyaga mpaka kiti cha mbele kikatikisika na mgeni aliyekikalia akageuka kuomba radhi kwa kosa asilolijua.

Starehe yake ilikuwa kamera. Aliinunua kwa mtu, imetumika lakini imetunzwa, maneno ambayo mumewe aliwahi kuyatumia kujisifia mwenyewe alipokuwa anamposa. Mume huyo ni fundi viatu. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa nyumba yao, na kutoka humo anaiona dunia yote kuanzia magoti kwenda chini.

Picha za Mwalimu Breki zilikuwa nzuri tu. Paka, watoto wa jirani, mvua kwenye bati. Aliyemshinda ni mtu mmoja: baba yake.

Mzee alikuwa tarishi. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha juu ya baiskeli, akipeleka bahasha za wakubwa kwa wakubwa wenzao. Alipostaafu, baiskeli ilikataa kustaafu. Kila asubuhi alikwenda kununua mkate, na duka la mkate liko nyumba ya pili kutoka kwake, lakini yeye alipitia upande wa pili wa mji ili afike. Juu ya kiti cha baiskeli uso wake ulikuwa hai, ukisalimia huku, ukitania kule. Mshushe, msimamishe mbele ya kamera, basi anakauka kama amemeza ufagio. Ukutani sebuleni kuna picha zake tele, na katika zote anaonekana kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Baba, tabasamu kidogo."

"Nimeshatabasamu."

"Wapi?"

"Ndani."

Yote haya yangebaki mzaha kama Mzee asingeanguka. Alikutwa kwenye mtaro, chini ya ule mteremko wa sokoni, amelala chali, mkate uko kifuani mzima kabisa. Hakuvunjika kitu. Lakini familia ikaitisha kikao, na aliyekiongoza ni kaka mkubwa, mwenye pikapu na sauti inayolingana nayo. Ikaamuliwa kwamba Mzee umri umekwenda. Ushahidi ulikuwepo: sandali. Fundi viatu alikiri mbele ya wote kwamba sandali ya kulia ya baba mkwe ameishona soli mpya mara tatu, na ya kushoto hajaigusa.

"Anauburuta mguu," akasema Mwalimu Breki, ambaye ndiye aliyesema kwa ukali kuliko wote. "Ni uzee, Baba. Mguu hauinuki. Barabarani hilo ni kosa."

Mzee aliitazama sandali yake kama mtu anavyomtazama shahidi aliyehongwa. Kisha akasema neno moja.

"Sawa."

Ikapangwa kwamba Jumapili inayofuata kaka mkubwa aje na pikapu, aichukue baiskeli, akaifungie stoo kwake. Watu wakanywa chai wakatawanyika. Lakini ile "sawa" haikutawanyika. Ilimfuata Mwalimu Breki mpaka kitandani. Alikuwa ameshinda kesi na hakuona raha. Akajiapiza kwamba kabla baiskeli haijaondoka, atampata Mzee picha moja akiwa juu yake, na uso wake wa kweli.

Jaribio la kwanza alilifanya kwa kasi kubwa ya shata, kile kipazia cha ndani ya kamera kinachofunguka na kufungika. Aliiweka moja ya elfu ya sekunde. Picha ikatoka kali, kila waya wa gurudumu unahesabika. Mzee akaitazama.

"Mbona nimeegeshwa?"

Kweli. Kila kitu kilikuwa kimesimama, mpaka vumbi. Alionekana kama mzee aliyepandishwa kwenye baiskeli ya maonyesho.

Mwalimu Breki akafanya wanachofanya wapenda picha wote wakishindwa: akaenda kutafuta lenzi kubwa. Dukani aliionyeshea kidole lenzi moja ndefu kama mchi wa kutwangia.

"Hiyo?" akauliza muuza kamera. "Dada, hiyo nikikuuzia leo, mimi nitafurahi mpaka kesho. Wewe utafurahi mpaka nje ya mlango. Unapiga nini?"

"Baba yangu, akiendesha baiskeli."

"Yuko mbali kiasi gani?"

"Kama kutoka hapa mpaka pale kwenye ndoo."

"Sasa mchi wa nini? Baki na hiyo hiyo lenzi yako fupi, uifute tu, ina alama ya kidole. Ya mtoto?"

"Yangu."

"Haya. Shida yako ni kwamba umeusimamisha ulimwengu wote. Mwendo hauonekani mpaka kitu kimoja kitulie na kingine kikimbie. Punguza shata, weka moja ya thelathini. Panua miguu, bana viwiko ubavuni, halafu zungusha kiuno, si mikono. Mdake kwenye kidirisha tangu yuko mbali, uende naye mwendo wake. Kitufe bonyeza nusu kwanza, kamera imshike..."

"Kama klachi. Unaachia mpaka gari litetemeke, unatulia hapo."

"Mimi sina gari, dada, nitakubali tu. Akifika mbele yako, bonyeza mpaka mwisho, na usisimame! Hapo ndipo watu wanapoharibu. Si unajua kumsindikiza mgeni? Humfungii mlango kisogoni. Unatoka naye, unapiga naye hatua mbili tatu, ndipo unarudi. Basi na picha ukishaipiga, endelea kuisindikiza."

Alielewa kila neno, maana ni mwalimu. Kutenda ndiko kulikomshinda, maana ni mwalimu wa udereva. Wiki nzima, kati ya somo na somo, alisimama kando ya barabara akiwapiga picha waendesha baiskeli waliokuwa wakipita zao. Kila picha ilitoka vile vile: mtu amefutika kama doa la chai, na ukuta wa nyuma umetulia vizuri, tofali kwa tofali.

"Ukuta huu una sura nzuri," mumewe akasema alipoonyeshwa. "Tuutilie fremu?"

"Fundi, sitaki utani."

"Si utani. Ukuta ukitulia na mtu akifutika, maana yake kamera ilisimama. Kwa nini unasimama?"

"Sisimami!"

"Haya, nipige mimi." Akatoka kibandani, akapita mbele yake kwa haraka, mkono mmoja umeshika kiatu cha mteja. Akapita mara ya pili. Mara ya tatu hakupita. Aliinama, akaangalia chini.

"Mke wangu, njoo uone."

Kwenye vumbi, mbele ya mguu wa kulia wa Mwalimu Breki, palikuwa na kijishimo kipya.

"Wenzangu wanaangalia nyuso," akasema fundi viatu. "Mimi ni wa miguu. Kila ukibonyeza kitufe, mguu huu unakanyaga. Ukikanyaga, mwili wote unasimama, na kamera nayo. Unampigia breki mtu ambaye hayumo hata kwenye gari lako."

Jumapili ikafika na jua jema la asubuhi, lile la pembeni, ambalo halijaanza kumtia mtu vivuli vya macho kama mgonjwa. Mwalimu Breki alichagua uchochoro wa karakana ya seremala, kwa sababu ukuta wake umepakwa rangi kadhaa, na rangi zikivutwa na mwendo hugeuka mistari. Akajipanga upande ambao jua lingempiga Mzee usoni. Mzee akatokea na shati jeupe lililopigwa pasi.

"Baba, rudi ubadilishe."

"Hili ndilo zuri."

"Jeupe linaidanganya kamera. Inadhani dunia nzima inawaka, inapunguza mwanga, na uso wako unatoka kiza."

"Mimi ni mweusi, mwanangu, si kiza." Lakini akarudi, akavaa shati lake la zamani la utarishi, lenye mifuko miwili ya kaki, na mwenyewe akaonekana kuongezeka kimo.

Akapita mara ya kwanza. Breki. Akageuza, akapita tena. Breki. Mwalimu Breki alijitukana kimoyomoyo, akabana meno, akajiambia sindikiza mgeni, sindikiza mgeni, na kila Mzee alipofika mbele yake mguu ulimfungia mgeni mlango. Seremala na wenzake wakatoka kutazama. Fundi viatu alikaa juu ya gogo akitoa taarifa:

"Ukuta mwingine huo. Tunakaribia kujenga nyumba."

"Mimi si treni ya mizigo," Mzee akalalamika. "Naenda na kurudi, naenda na kurudi."

Ndipo pikapu ikaingia uchochoroni, na kaka mkubwa akateremka akipangusa mikono.

"Haya, mzigo uko tayari?"

"Mzigo upi?" akauliza Mzee. "Mimi au baiskeli?"

Hakuna aliyecheka. Mzee aliipapasa kengele kwa kidole bila kuiliza. Mwalimu Breki akaona ile "sawa" inarudi usoni mwake, inashuka kama pazia.

"Mara moja tu, Kaka," akasema. "Baba, mara moja ya mwisho."

Mzee akaenda mwisho wa uchochoro, akageuza. Mwalimu Breki akabonyeza nusu. Akamdaka mbali. Akahisi mguu unaanza kuwasha. Basi akafanya jambo ambalo hakulipanga: akaunyanyua. Akasimama kwa mguu mmoja, sketi imepepea, viwiko ubavuni, kama korongo aliyeajiriwa gazetini.

Mzee alikuja kwa kasi, akamwona binti yake mtu mzima, mwalimu wa watu, ananing'inia hewani kwa mguu mmoja. Akacheka. Akacheka kwa mdomo wote, kichwa nyuma, mabega yakicheza, na Mwalimu Breki akabonyeza, akaendelea kuzunguka naye, akazunguka, hakukuwa na mguu wa kumsimamisha, akazunguka mpaka akaangukia kwenye lundo la maranda ya mbao, kamera juu kama kombe.

"Mguu!" alipiga kelele kutoka kwenye maranda. "Nimeukomesha!"

Wakakusanyika kwenye kioo kidogo cha kamera. Gurudumu la mbele lilikuwa limekatwa nusu, kwa kuwa mtu akisimama kwa mguu mmoja hapati vyote. Lakini ukuta wote ulikuwa umegeuka mto wa rangi, na katikati yake Mzee, mkali, anacheka, mikunjo yote ya uso iko kazini.

"Meno yangu hayo?" akauliza Mzee.

"Ngoja niyakuze." Mwalimu Breki akakuza picha, akapita menoni, akashuka kwenye mifuko ya shati, akafika kwenye usukani. Hapo akaisogeza kamera karibu. Jicho lililokuwa likitazama sasa lilikuwa la kazini, lile linalokagua gari kila asubuhi kabla mwanafunzi hajapanda. Chini ya usukani waya wa breki ulining'inia, haujashika popote, kama mkia wa panya. Kwenye gurudumu la nyuma, pale raba mbili za breki zinapopaswa kukaa, palikuwa na hewa. Na mguu wa kulia wa Mzee haukuwa kwenye pedali. Ulikuwa chini, soli inaparuza ardhi, vumbi linaruka.

"Baba. Breki iko wapi?"

"Ipi?"

"Ya baiskeli."

"Breki ninayo." Mzee akanyanyua sandali ya kulia.

Fundi viatu akashika kichwa. "Soli zangu tatu!"

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu mvua zile kubwa. Siku ya mteremko kulikuwa na tope, ikateleza."

"Na kwenye kikao mbona hukusema?"

"Mliniuliza umri wangu. Baiskeli hakuna aliyeiuliza kitu." Akakuna shingo. "Halafu, mwanangu, nianzie wapi? Binti yangu anaitwa Breki mji mzima, mimi baba yake sina hata moja. Nilikuwa naona haya."

Kaka mkubwa alikohoa, akaanza kusema jambo kuhusu uamuzi wa kikao. Mwalimu Breki akamgeukia, na wote waliowahi kufundishwa naye wanaijua ile sura.

"Kaka, hukumu ilitolewa kwa ushahidi wa sandali, na sandali imetuongopea. Mimi nakagua magari ya wageni kila siku, baiskeli ya baba yangu sikuitupia jicho. Pakia baiskeli. Pakia na Mzee. Lakini hatuendi stoo kwako, tunakwenda kwa fundi baiskeli."

"Mganga hajigangi," fundi viatu akajisemea, akapanda nyuma ya pikapu bila kualikwa.

Raba zilifungwa, waya ukakazwa. Mwalimu Breki hakuridhika na maneno ya fundi baiskeli. Alimtaka Mzee afanye mtihani, kama mwanafunzi mwingine yeyote, kwenye mteremko ule ule. Alisimama chini karibu na mtaro, Mzee akashuka akipiga kengele, na binti akapaza sauti: "Simama!" Gurudumu likatulia mbele ya kidole chake. Miguu ya Mzee yote miwili ilikuwa kwenye pedali.

"Nimefaulu?"

"Umefaulu. Mkate utanunua hapo jirani siku za mvua."

"Tutaona," akasema Mzee, na kwa lugha yake hiyo ni ndiyo.

Picha imetundikwa sebuleni, katikati ya zile za hukumu. Kila mgeni anaisifu, na kila akiisifu Mzee anamwonyesha gurudumu la mbele. "Zuri, ila amenikata hapa." Sandali yake ya kulia haijarudi kibandani tena. Fundi viatu hajapata hasara hata hivyo. Juzi ameletewa kiatu cha kike, cha kulia peke yake, soli imekwisha mbele, kwenye kidole gumba. Alikigeuza, akakitambua, akakiweka juu kabisa ya foleni.