Mdhamini Aliyenyolewa Upande Mmoja

Kelele za asubuhi ile fundi cherehani alizisikia, akazipuuza. Kaka yake kugombana na mtu halikuwa jambo la kumfanya aache kushona. Kilichomshtua ni kimya kilichofuata. Chumba chake na saluni ya kaka yake vilitenganishwa na ukuta wa mbao tu, na kwa miaka yote waliyofanya kazi ubavu kwa ubavu, sauti ya kinyozi yule ilikuwa ikipita kwenye mbao kama harufu ya mafuta ya nywele, bila kupiga hodi. Wateja walimwita Redio. Umeme ulipokatika, mashine ndiyo iliyozimika, si yeye. Sasa hata yeye alikuwa amezimika. Fundi akaondoa mguu kwenye pedali, akasikiliza. Wapi.

Akaenda kuchungulia. Feni ilikuwa inazunguka, kioo kiko mahali pake, na kwenye kiti ameketi karani wa idara ya maji, shuka shingoni. Upande wa kulia wa kichwa chake uling'aa kama sahani. Upande wa kushoto ulikuwa kichaka.

"Wamemchukua," karani alisema, akimtazama kupitia kwenye kioo.

"Kina nani?"

"Askari. Wamekuja kuondoa benchi, yeye akalikalia. Wakalibeba hivyo hivyo, naye yuko juu. Mpaka wanakata kona alikuwa bado anawahutubia."

Fundi hakuuliza benchi gani. Marehemu baba yao, kinyozi pia, alilipigilia misumari kwa mkono wake na kuliweka nje, kwenye njia ya waendao kwa miguu, ili wateja wasubiri zamu. Wengi waliolikalia hawakuwa wakisubiri zamu yoyote. Walikuwa wastaafu, watu wasio na kazi, na waume waliokimbia makelele ya nyumbani. Amri ya mji ya kuondoa vitu njiani ilikuwa imebandikwa ukutani muda mrefu. Redio aliitumia kujaribia ukali wa mkasi.

Kituoni, askari wa kaunta alikuwa mpole, jambo lililomtia fundi wasiwasi zaidi.

"Kosa lake dogo, dada. Kumzuia askari kazini. Dhamana ipo wazi. Lakini leo Ijumaa. Mkuu akishaondoka, ni mpaka Jumatatu."

"Nitamdhamini mimi."

"Mnaishi nyumba moja. Niletee mtu mwingine, mwenye kitambulisho cha kazi."

"Ana pumu, afande. Kwa ule uvumbi wa mahabusu hatatoka salama."

"Ndiyo maana nakwambia uwahi."

Alirudi mbiombio, akili ikipekua watu wa benchi mmoja mmoja. Watu wazuri wote, wacheshi, wenye huruma. Lakini wangekuwa na kazi wangekuwa wanafanya nini pale benchini tangu asubuhi? Akaingia saluni. Karani alikuwa bado kitini.

"Hujaenda kwa kinyozi mwingine?"

"Nimekwenda kwa yule wa ng'ambo ya barabara. Anasema hamalizii kichwa cha mwenzake, ni mkosi. Na kesho namwoza mdogo wangu, dada. Nitapigwa picha."

"Una kitambulisho cha kazi?"

"Ninacho. Kichwa ndicho sina."

Fundi hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza. Alichukua kipande cha kitambaa cha sare za shule, akampima karani kwa macho, na baada ya kushona harakaharaka akamvika kofia ya kijani iliyomfanya aonekane kama mpishi wa jeshi. Wakaondoka, karani akijibana kwenye vivuli vya kuta.

Askari wa kaunta alipokea kitambulisho, akakigeuza.

"Vua kofia nilinganishe."

"Afande, tafadhali."

"Vua, bwana."

Akavua. Askari akatazama picha, akatazama kichwa, akazunguka meza na kukitazama kwa upande mwingine.

"Huyu wa kwenye picha," alisema mwishowe, "ni wa upande upi?"

Kaunta nzima ikacheka, hata mwanamke aliyekuja kushtaki wizi wa kuku. Redio akaletwa, pekupeku, bila mkanda, akihema kwa filimbi ndogo kifuani. Ilibaki sahihi yake tu, ya kukubali kwamba hataweka benchi njiani tena.

"Hapo sisaini," alisema. "Benchi la baba haliwezi kuwa kosa."

"Kaka, sikiliza kifua chako."

"Kifua changu, mdogo wangu, si chako."

"Na nikikuzika, nitamwambia baba nini? Kwamba benchi lilikuwa zuri?"

Redio akakunja mikono. Fundi akaona kidevu cha baba yao kikijitokeza kwenye uso wa kaka yake, kile kidevu cha mtu aliyekwisha kuamua, akajua maneno yake yamekwisha. Aliitazama saa ya ukutani. Nyuma ya mlango wa ndani, mkuu wa kituo alikuwa anafunga madirisha.

Ndipo karani akainamisha kichwa juu ya kaunta.

Redio akatazama. Baba yao aliwafundisha wanafunzi wake wote kumaliza upande mmoja kabisa kabla ya kugusa wa pili, na hapa upande mmoja ulikuwa kamili. Lakini juu ya sikio mstari ulikwenda kombo, ukapanda, ukapotelea kichakani. Akaupitishia kidole.

"Nani kakugusa hapa?"

"Ni wewe," karani alisema. "Ulipokuwa unakimbilia benchi."

Redio akaondoa kidole. Fundi aliona masikio yake yakishuka kidogo, kama ya mtoto aliyekutwa jikoni.

"Umetembea mjini hivi?"

"Nilivaa kofia."

"Hii?" Akaitazama kofia ya kijani, akamtazama dada yake, akafumba macho. "Leteni kalamu."

Benchi halikurudi. Liliwekwa kama kielelezo, na kesi ilipoisha kwa onyo hakuna aliyekwenda kulidai, wala kituoni hawakutaka kuliachia; wanaokuja kuwadhamini ndugu zao hulikalia.

Redio bado ananyoa pale pale, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka giza linapoingia. Wanaosubiri zamu husimama.