Fundi wa Miti

Shuleni kwetu Butembo, mwanafunzi wa ufundi wa mitambo huanza na mkaratusi. Mkaratusi uko kila kilima, chuma ni adimu. Miezi mingi mkono huzoea ubao laini. Siku ya chuma ikifika, mwanafunzi husukuma kisu cha mashine ya kukereza kama alivyozoea, nacho huvunjika. Hapo wenzake wote hupiga kelele: "Fundi wa miti!" Jina hilo hubaki naye mpaka mwingine avunje. Mimi, mwalimu wao, nilijifunza kazi hii peke yangu, kwa vitabu vya Kifaransa, kwa hiyo sikuwahi kuitwa hivyo.

Mwaka jana darasa la tano la mitambo lilibaki na mwanafunzi mmoja, msichana ambaye familia yake ilikimbia vita huko Mangina. Wengine walikuwa wamehamia ushonaji au biashara. Mkuu wa shule aliniambia wazi kwamba huyo akiondoka, karakana itafungwa.

Niliendelea kuita majina kila asubuhi.

"Mwalimu, unaita nani tena? Si niko hapa mbele yako?"

"Ni utaratibu."

"Basi, niko présent. Na balai iko présent."

Balai, yaani ufagio, ilikuwa kweli imesimama pembeni.

Kisha mama yake, muuza maharagwe, akaja karakanani. "Mwalimu, mutoto hapana kusema tena nyumbani. Unaniachilia nimutie ku couture? Kule kuko benzake."

Nilimwomba asimpeleke ushonaji kwa wenzake kabla ya somo la chuma. Niliamini chuma kingemshika, kama kilivyonishika mimi.

Siku ya somo hilo msichana alikifunga kipande cha chuma barabara, akapima, akapima tena, akawasha mashine. Kisha akasukuma. Kisu kikavunjika.

Aligeuka nyuma upesi, kicheko kikiwa tayari usoni, akingojea kelele. Nyuma yake kulikuwa na meza tupu.

"Fundi wa miti!" nikasema mimi.

Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayekaripia. Kicheko kilimtoka usoni. "Unisamehe, Mwalimu," akasema, akainama kuokota vipande.

Kesho yake nilikwenda sokoni kwa mama yake. Ningeweza kumwambia kwamba binti ana mkono mzuri, na ingekuwa kweli.

"Mama, umupeleke kwa benzake."

Alinitazama. "Na wewe, Mwalimu?"

Nikamwuliza kama maharagwe yale yalitoka Lubero. Akasema ndiyo, yametoka Lubero.

Jumatatu niliipaka mashine mafuta ili isishike kutu, nikafagia maranda ya mkaratusi, nikafunga mlango. Nilipokuwa nikivuka uwanja kupeleka ufunguo ofisini, darasa la ushonaji lilikuwa likimpigia mtu kelele, na mtu huyo alikuwa akicheka kuliko wote. Sikugeuka kutazama ni nani.