Injinia Zdravka na Zamu ya Baba Yake

Katika ofisi yetu ya manispaa, printa ikigoma hakuna anayeisogelea. Tunaita tu, "Injinia," na Zdravka Mileva anainuka kwenye meza yake ya kodi za ardhi.

Cheo hicho tulimpa sisi. Ujanani, enzi za chama cha kikomunisti, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kompyuta. Ametuambia mara nyingi alichokifanya huko: kubandika vitufe vya herufi kwenye kibodi, basi. Tulicheka, tukasema mama wa watu hapendi makuu. Akachoka kubisha. Akajifunza kuzima na kuwasha, na kuomba Mungu kitu kiwake.

Tulimlipa kwa chokoleti na chupa za pilipili za kusaga, naye akavipeleka kijijini kwa baba yake, mzee Nayden.

Mzee alitaka jambo moja tu kwa bintiye: waende pamoja kwenye mtambo wa kijiji kupika rakia, pombe kali ya plamu zao. Mtambo ni mmoja na watu hupangiwa zamu. Ni siku ya kukaa karibu na moto, kuchoma viazi na kusikia mambo ambayo baba hayasemi siku nyingine. Alitaka pia kumwonyesha jani analotia kwenye sufuria, ambalo hata marehemu mkewe hakulijua. Lakini kila vuli kitu kilizuka ofisini.

Vuli iliyopita Zdravka aliomba ruhusa mapema. Akiwa kituo cha basi, mkurugenzi Krastev akampigia.

"Injinia, tumekwama. Watu wamejaa koridoni."

"Bosi, leo baba ana zamu."

"Dakika tano tu, mama. Utapanda basi linalofuata."

Akarudi. Waya wa printa ulikuwa umechomoka ukutani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kutazama, maana kutazama ilikuwa kazi ya Injinia. Akauchomeka, tukapiga makofi. Basi lililofuata lilikuwa la jioni.

"Usijali, mwanangu," baba yake akamwambia kwenye simu. "Nimeshapika na majirani. Tutakwenda mwakani."

Mzee alifariki majira ya baridi. Siku ya arobaini tulikwenda makaburini, tukala ngano ya sukari ya kumkumbuka marehemu. Zdravka akamimina rakia ya baba yake kidogo ardhini, kisha akaionja, akaishikilia mdomoni.

"Hili jani silijui," akasema. "Sasa nitamuuliza nani?"

Krastev akamsogelea, nikadhani anampa pole. Kumbe ameshika simu yake.

"Samahani, Injinia, kwa kuwa tuko hapa. Hii haitoi sauti."

Nilitamani aitupe kaburini. Zdravka alijifuta macho, akaichukua, akaizima, akaiwasha. Ikalia.

"Unaona?" Krastev akasema. "Halafu unatuambia hujui kitu."